Ukungu wa Asubuhi na Ukungu wa Mkate

Mama Kidevu hakuitwa hivyo kwa sababu ya kidevu chake, ambacho ni cha kawaida tu, bali kwa sababu ya videvu vya watu wengine. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kiti cha mbao cha studio yake anaijua amri: "Inua kidevu. Siyo hivyo, umekuwa kama unachungulia dirishani. Teremsha kidogo. Hapo hapo, tulia." Amewaamrisha maharusi, walimu wakuu, hata polisi mmoja mwenye cheo, na wote walitii. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumtii, naye ni mama yake mzazi.

Mama huyo hapigwi picha. Zamani, alipokuwa msichana, mpiga picha fulani alimsogelea na lenzi ya kupigia umati, ile inayomeza ukumbi mzima, na picha ilipotoka, pua ilikuwa imetangulia kufika kabla ya mwenyewe. Ndugu zake walicheka mpaka wakachoka. Akala kiapo. Tangu hapo, kamera ikitokea tu, yeye ana kitu kinaungua jikoni. Binti yake akaja kuwa mpiga picha, akapamba kuta za mtaa mzima, lakini kwenye ukuta wake mwenyewe picha ya mama haikuwepo. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa mbele za watu alilifanyia mzaha.

Kisha mama akaugua mapafu. Mama Kidevu akafunga studio, akapanda basi kwenda kumuuguza, na msimu wote wa mvua ukamkuta huko. Kuna siku ambazo hata yeye mwenyewe alianza kukata tamaa. Halafu asubuhi moja, homa ikiwa imeshuka, mgonjwa akasema bila kuulizwa, "Nikiinuka hapa, utanipiga picha. Lakini kwa ile lenzi yako ya uso. Hizo nyingine za kuvimbisha watu pua sizitaki." Mama Kidevu akatoka nje, akalia nyuma ya nyumba, akanawa uso, akarudi kuuliza kama chai imepoa.

Sasa, lenzi ya uso ilikuwa moja tu. Aliinunua ikiwa imeshatumika, nzito, ya kizamani, ya aina ambayo madukani siku hizi huipati. Uso ukipita humo unatoka ulivyo, pua ikiwa mahali pake. Na lenzi hiyo, pamoja na kamera zake zote, aliiacha nyumbani mikononi mwa mumewe.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole ambaye ukimkanyaga mguu anakuomba radhi. Siku mkewe anaondoka alimwambia neno moja: "Vitunze." Naye akavitunza. Akatoa betri kwenye kamera, hapo alipatia. Akaifunika lenzi mbele na nyuma, hapo pia alipatia. Kisha mapenzi yakamzidi. Akaishonea lenzi koti la flana lenye vifungo, akaitia kwenye mkoba wa ngozi, mkoba akautia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, na furushi lote akalizika chini kabisa ya kabati la nguo, upande wa ule ukuta unaotoa jasho mvua ikinyesha. Jamani, hata mtoto mchanga hafungwi hivyo.

Katikati ya mvua akaona si vibaya aifungue aitazame. Jioni akapiga simu. "Mke wangu, kwenye kioo cha lenzi kuna ukungu kidogo. Niufute?"

Mama Kidevu wakati huo alikuwa ameibana simu begani, bakuli la uji mkono mmoja, kijiko mkono mwingine, na dirishani kwake ukungu umetanda hata mti wa jirani hauonekani. "Usifute, utakikwaruza kioo," akasema. "Uache tu, utaondoka wenyewe."

Hapo utamlaumu nani? Ni lugha yetu hii, yenye neno moja kwa mambo mawili. Kuna ukungu unaotanda asubuhi, ukaondoka jua likipanda, na kuna ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika. Wa kwanza unaondoka wenyewe. Wa pili unaita jamaa zake. Mke aliufikiria wa kwanza, mume alikuwa akiutazama wa pili, na kila mmoja akakata simu ameridhika. Fundi akaifunga lenzi yake vifungo vyote, akairudisha kaburini.

Mama alipopata nafuu ya kuweza kusafiri, walikubaliana binti atangulie, yeye amfuate Jumapili. Mama Kidevu akafika, akaweka begi chini, akaenda moja kwa moja kabatini. Alipoielekeza lenzi kwenye mwanga wa dirisha aliona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo, zimeshikana. Akakaa kitandani.

"Huu ndio ukungu ulioniambia?"

"Ndio huo," mumewe akasema. "Umekua kidogo."

"Umekua. Na wewe unauangalia."

"Ulisema utaondoka wenyewe. Nikadhani bado unajiandaa."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo hakucheka, kwa sababu alichokiona akilini ni mama yake anashuka kwenye basi, amekusanya moyo wa maisha mazima, halafu anaambiwa lenzi yenyewe imeharibika. Mama yake hakuwa mtu wa kukubali mara mbili. Mume akaenda kukaa kwenye cherehani, akawa anakanyaga pedali bila kitambaa chochote. Mlio ule wa bure ndio uliomlainisha mke. "Acha kuichosha mashine," akamwambia hatimaye. "Na mimi nilipaswa kukuuliza ni ukungu gani."

Kesho yake wakaipeleka lenzi kwa fundi wa saa na kamera, ambaye wateja wake wanamwita Usipumue, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza mtu akiinamia meza yake. Aliizungusha lenzi, akanusa koti la flana, akawatazama wote wawili.

"Flana inakunywa maji. Ngozi inakunywa maji. Plastiki inazuia yasitoke. Na kabati halina mwanga," akasema. "Nyinyi hamkutunza lenzi, mlipanda uyoga."

"Itapona?" Mama Kidevu akauliza.

"Njooni Jumamosi. Na usipumue juu ya meza yangu."

Jumamosi wakaikuta safi, isipokuwa pembeni kabisa, ambako ukungu ulikuwa umeshaanza kula kioo, pamebaki doa jembamba. Usipumue akawaambia wasipige picha kuelekea jua. Uso ukiwa kivulini doa halitaonekana. Kisha akawapa masharti. Kamera na lenzi zikae kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, na humo viwemo vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chombo kiwe juu ya rafu, mbali na ukuta, na kila wiki lenzi itolewe ione mwanga. Mume akajifunga kibwebwe, akapita maduka yote ya viatu kuomba vifuko, na hakununua hata kamba.

Jumapili mama akaja. Alikuwa amekonda, na bado anapumua kwa kishindo. Akakaa kwenye kiti cha mbao, uso umekaza kama mtu anayesubiri sindano, na mkwewe akasimama dirishani ameshika shuka jeupe la kurudisha mwanga.

"Mama, inua kidevu."

"Kidevu chako nimekizaa mimi. Changu usikiamrishe."

Akainuka badala yake. Alikuwa ameshasimuliwa kisa chote, akataka kwanza aione hiyo lenzi iliyoota uyoga. Akaiinamia mpaka pua karibu iguse, akapumua, na kioo chote kikawa cheupe.

"Haya," akasema kwa wasiwasi. "Kuna ukungu tena."

Mama Kidevu akaikimbilia kamera. Kutoka nyuma ya shuka ikaja sauti ya upole. "Wa asubuhi huo, mama. Utaondoka wenyewe."

Mama akamtazama mkwewe, akamtazama binti yake, kisha kicheko kikampata. Akarudi kitini akicheka, akakohoa, akacheka tena, machozi yanamtoka, pua ameisahau kabisa. Mama Kidevu akaweka jicho kwenye kamera. Mwanzoni hakuona ila weupe. Kisha ukungu ukaanza kujikunja kutoka pembeni, na uso wa mama yake ukaja taratibu, kidevu kimejiinua chenyewe. Hakutoa amri yoyote, akabonyeza.

Picha ilipotoka, mama aliisogeza karibu na macho. Akajigusa pua, akaitazama ile ya kwenye karatasi, akajigusa tena.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Nitolee na nyingine kubwa, ya kwangu nyumbani."