Ugoro Ndani ya Kopo la Dada

Dada yangu hakuniachia kitu. Alizaliwa kwanza, akachukua macho ya mama na sauti ya mama, kisha akajua kusaga ugoro kabla yangu. Sokoni meza zetu zilikuwa bega kwa bega. Yeye wateja walimwita Bi Laini, mimi waliniita "yule mwingine." Kijicho kiliniwasha kuliko ugoro wenyewe puani.

Aliyekaa na mama ni mimi. Nilimfulia, nilimpikia, nilimkanda miguu. Lakini akitaka kunusa, ugoro wangu hakuugusa. Kila wiki dada alimletea kopo lake dogo la bati. Mama alivuta, akapiga chafya, akafumba macho kwa raha. "Mkono wa mwanangu huu!" Mwanangu! Na mimi niliyesimama pale na beseni la maji moto nilikuwa nani, mpangaji?

Dada alisaga juu ya jiwe. Mimi nikamwendea mhunzi, akaniyeyushia vyuma chakavu na betri kuukuu za gari, akanisubia kinu kizito. Ugoro ukatoka mwororo kama poda. Basi dada akishaleta kopo na kuondoka, namwaga wa kwake chooni, najaza wangu.

"Leo mwanangu amejipiku!" alisema mama.

Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, maana kazi ilikuwa yangu na aliyesifiwa ni yeye. Hata hivyo sikuacha. Nilifanya hivyo miezi minane.

Mama akaanza kuvimba miguu. Tumbo lilimsokota, akawa anasahau hata mlango wa chumba chake. Daktari alimtoa damu, akauliza anatumia nini, akalipeleka na kopo maabara. Siku ya majibu tuliketi mbele yake sote watatu.

"Mama ana madini ya risasi mengi mwilini, na figo zimeanza kuchoka," alisema. "Yametoka humu koponi. Tumbaku yenyewe hunyonya metali kama kadimiamu kutoka ardhini, kwa hiyo hakuna ugoro salama. Lakini risasi hii imezidi mno. Nadhani imetoka kwenye chombo cha kusagia. Nani anausaga?"

Dada akainua mkono. "Ni mimi, daktari. Lakini mimi nasagia jiwe tu..." Akainama, akaanza kulia.

Niseme ukweli: nilifurahi. Kwa pumzi moja nilifurahi kumwona ameinama. Kisha mama akamvuta, akamlaza kichwa mapajani, akawa anampapasa nywele.

"Nyamaza, mwanangu. Hukukusudia. Nimekusamehe, hapa hapa mbele ya daktari."

Hapo nikachemka. Mimi mama hajanipapasa nywele tangu nilipoota meno. Nilimwonea dada kijicho hata kwa msamaha ule, maana kosa lilikuwa langu, na msamaha ulipaswa kuwa wangu.

"Ni ugoro wangu, mama!" nilipayuka. "Miezi minane unanusa wa mkono wangu! Wa dada namwaga chooni. Huyo unamsamehe kwa lipi? Nisamehe mimi!"

Mama alimgeukia daktari. Mkono wake haukutoka kichwani kwa dada.

"Usimsikilize, daktari," alisema. "Huyu ndivyo alivyo. Chochote cha dada yake anakitaka, hata lawama."