Mama Mbeleko na Paa la Wodi ya Wazazi

Umelipita jengo hilo mara ngapi? Wodi ya wazazi, kuta zina rangi mpya ya buluu, bati linang'aa. Ukasema, "Afadhali wamelitengeneza," ukageuza shingo, ukaenda zako. Hukuinua macho hadi pale paa linapokutana na ukuta. Ungeinua, ungeona limeshikwa na misumari mitupu.

Saa mbili asubuhi, kuna mtu juu ya ngazi anayepatazama palepale. Ni fundi wa kuezeka, mama wa watoto wanne, na mtaa mzima unamwita Mama Mbeleko. Nyundo iko kiunoni, misumari mdomoni. Chini, mumewe, fundi cherehani, ameikumbatia ngazi.

"Baba watoto, unaitikisa."

"Siitikisi. Inatetemeka kwa mapenzi."

"Basi yapunguze, nisije nikakuangukia."

Wajawazito kwenye benchi wanacheka. Mmoja wao, anayecheka huku ameshika kiuno, ni binti yao. Siku zake zimefika, na atajifungulia humu. Kila alasiri sasa mawingu ya msimu yanajikusanya upande wa machweo.

Tusijitie usahaulifu. Mwaka juzi dhoruba ililing'oa paa hilihili ikalitupa kwenye uwanja wa mpira. Nguzo za umeme zililala barabarani, mti ukalikalia duka la dawa, na wauguzi wakakimbia na vichanga ndani ya makoti hadi stoo ya magodoro. Wakubwa wakaja, wakapigwa picha, wakasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuipiga ile misumari. Wakarudisha paa vilevile, wakapaka rangi, wakaondoka.

"Dhoruba haina uchawi," anasema Mama Mbeleko, ameshuka kunywa chai. "Jua linachoma ardhi yenye maji tangu asubuhi. Hewa ya joto inapanda na mvuke wake, kama sufuria jikoni. Huko juu inakutana na baridi, inakuwa wingu, wingu linakua kama mlima. Mvua na mawe ya barafu yakizidi uzito yanaporomoka, yanashuka na hewa baridi. Sasa wewe, ukimwaga ndoo ya maji sakafuni, yanakwenda wapi?"

"Yanatawanyika kwa kasi," anadakia binti yake.

"Ndiyo upepo wenyewe huo. Unaingia chini ya paa unalisukuma juu, na unaopita juu unalivuta. Watu wanadhani paa linaangushwa. Linabebwa."

Dawa yake ni nyepesi. Hata kabla ya dhoruba ile aliokota mabati yaliyochanika, watu wakamcheka. Aliyakata vipande virefu, akavikunja mara mbili, na hadi leo anavipitisha juu ya boriti na kuvikaza ukutani pande zote.

"Mtoto humpigi msumari mgongoni," anasema. "Unamfunga mbeleko."

Jina likamganda. Kwake ndiko paa lilikobaki siku ile, na jirani aliyekuwa akimwita mwokota takataka alilala hapo wiki nzima, tena akilalamika kwamba mto ni mgumu.

Kazi ya wodi haimlipi kitu. Anaishi kwa kuezeka vibanda na majiko ya watu, hela ya kula na ya sabuni.

"Nilimwambia asubiri kibali," anasema mkunga mkuu. "Akaniuliza kama dhoruba nayo imeomba. Nikamletea ngazi."

Upande mmoja umekwisha. Mabati chakavu nayo yamekwisha, na upande uliobaki ndio wenye vitanda vya kujifungulia.

"Mama, mbona umeanzia upande usio wangu?" anauliza binti yake.

"Nimeanzia upepo unakotokea, mwanangu. Kwako kunafuata."

"Basi mwambie mjukuu wako asubiri."

"Nimeshamwambia. Kichwa kigumu, amemrithi babu yake."

Babu anaikumbatia ngazi, anajifanya hajasikia.

Mama Mbeleko anataka kumaliza kabla mjukuu hajafika, kisha ahamie kwenye paa la shule. Nyuma ya nyumba yako kuna bati bovu limeegemea ukuta tangu mwaka juzi. Linaweza hata kuwa la paa hilihili. Nyanyuka, lilete leo, kabla ya alasiri. Na kama huna bati, njoo ushike ngazi. Fundi cherehani mikono imemchoka, mapenzi bado anayo.