Fidla Arobaini na Obokano Moja

Kwa miaka ishirini mzee wa kanisa alimhubiria Mogire wa Gesima kwamba obokano, ile ala yake ya nyuzi nane yenye tumbo kubwa kama karai la fundi wa mawe, ni chombo cha walevi. Mogire akaitundika jikoni, akarudi kuchuma majani chai. Kisha watu wa okestra moja ya Nairobi wakagundua kwamba dhambi ile ile, ikipigwa na watu waliovaa suti nyeusi, huitwa utamaduni. Mzee wa kanisa akawa wa kwanza kununua tiketi.

Jumapili ya tamasha, Mogire alifika Kisii kwa bodaboda, mvua ikimtwanga yeye na obokano yake. Katika muziki wa saa nzima alikuwa na kipande cha dakika tatu tu, lakini mkewe Kemuma alikuwa ameshalitangazia soko lote la Daraja Mbili. Saa moja kabla ya milango kufunguliwa, kiongozi wa okestra, Lynette Aloo, akamsimamisha.

"Mzee wangu, uko chini. Kaza nyuzi kidogo."

"Chini ya nani?"

"Ya zumari. Hapa sote tunafuata zumari."

Mogire akalikagua zumari, jembamba kama mguu wa kuku. "Binti yangu, hii ni ya baba. Baba hakuikaza kwa ajili ya chifu, nami niikaze kwa ajili ya filimbi?"

"Basi kipande chako kitapigwa na fidla."

Mogire akaanza kuirudisha obokano guniani, taratibu, kama mtu anayengoja kuzuiwa. Lynette akatazama bango ukutani: sura ya Mogire, kubwa kuliko ya okestra nzima. Bango hilo lilikuwa limebandikwa hadi Sironga.

"Jamani," akawaambia wenzake, "tushuke kwa mzee."

Fidla arobaini zikalegezwa. Ukumbi ulisimama kushangilia, mzee wa kanisa akipiga makofi hadi tai ikageukia mgongoni. Msomi mmoja akaieleza redio kwamba mlio ule mzito ulikuwa sauti ya mababu.

Wakirudi nyumbani, Kemuma, aliyeyasikia yote akiwa kando ya jukwaa, akauliza, "Kweli baba yako hakuwahi kukaza nyuzi?"

"Alikaza kila siku. Lakini hizi ni kano za ng'ombe, na zilikuwa zimelowa. Ningezivuta zikakatika, ningepiga meno?"

"Na ile sauti ya mababu?"

"Mababu pia walinyeshewa."