Maswali kwa Chifu Mstaafu

Taipureta niliisikia kabla sijaliona boma la babu. Ilikuwa ikigonga nyuma ya ua wa minyaa, nikajua shangazi amefika kutoka Nairobi.

Alifundisha sheria chuo kikuu, na miaka hiyo ya tisini alikuwa akitafiti mamlaka ya machifu: nani aliwapa, na yanakomea wapi. Alikwisha kuwahoji wengi, kuanzia Migori hadi kisiwa cha Mfangano. Wote walikana kumfungia mtu bila sheria. Alibaki chifu mstaafu aliyemzaa, na bila yeye sura nzima ya utafiti ingekosa shahidi.

Ila kwetu binti hamhoji baba yake. Mjukuu ndiye mtani wa babu. Hata amwite mwizi, watu watacheka tu. Kwa hiyo shangazi alinipa maswali mimi, akaketi pembeni na mashine yake.

"Mume wangu," nikaanza, "watu uliwachimbisha barabara ya Rodi Kopany kwa sheria gani?"

"Ya machifu, mke wangu. Muulize huyo karani wako wa Nairobi kama leo hakuipita."

Shangazi alicheka huku akipiga chapa.

"Na pombe za watu ulizomwaga?"

"Nyingine nilizimwaga tumboni."

Tukaendelea hivyo, jua la mchana likiwaka juu ya mabati, hadi nikafika kwenye swali la mwalimu aliyelazwa katika stoo ya ofisi ya chifu kwa kuwakusanya wazazi bila kibali.

"Huyo alivunja kifungu gani?"

"Hakuna. Mkuu wa tarafa alisema, nikamlaza ndani."

Mashine ilinyamaza.

"Baba," shangazi akasema, akiniruka mimi, "na kama ningekuwa mimi?"

Nilidhani babu atamkemea.

"Ningekulaza vilevile."

Shangazi akaandika, taratibu kuliko mwanzo.

"Soma," babu akasema.

Akasoma kwa sauti ya darasani: chifu mmoja mstaafu alikiri kwamba labda angemfungia hata mwanawe.

"Mimi nilisema labda?"

"Hapana, Baba."

"Basi liondoe neno hilo."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa leso, akairudisha karatasi nyuma na kuligonga neno lile mpaka likawa jeusi. Babu alingoja amalize. Kisha akachukua kofia, akasema anakwenda kutazama ng'ombe, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.