Makali Ambayo Shemeji Hakuyaona

Mume wa dada yangu tunamwita Cheche, kwa zile cheche zinazoruka anaponoa visu. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Jiwe la kunolea alilifunga mbele ya usukani wa baiskeli. Akifika mtaani anaisimamisha kwa stendi ili gurudumu la nyuma lielee, anapanda, anakanyaga pedali, na mkanda unalizungusha jiwe. Akimaliza mtaa huu anapandisha kilima kwenda mtaa wa pili. Presha alikuwa nayo, lakini vidonge alimeza, na kila akipimwa nesi alimwambia imetulia.

Binti yake mkubwa, anayeuza vitambaa sokoni, hakupendezwa. "Baba, mtu wa presha anapandisha kilima? Unataka moyo upasuke?"

Sote tuliona ni maneno ya akili. Binti akamnunulia mota ya umeme, akamwekea meza mbele ya duka lake na kiti chenye mto. Cheche sasa alibonyeza swichi tu. Chai aliletewa, maji aliletewa. Asubuhi alipelekwa kwa pikipiki, jioni akarudishwa kwa pikipiki.

"Mfalme huyo!" wachuuzi walimtania. Kitambi kilipoanza kuchomoza, alikipiga kofi akasema, "Mgeni huyu hana dalili ya kuondoka."

Mimi nashona viatu jirani na meza ile. Asubuhi moja muuza nyama alikuja amefura, akatupa kisu mezani.

"Mzee Cheche, hiki ulikinoa au ulikipapasa? Wateja wananicheka, nyama naikata kama napiga msumeno!"

"Punguza sauti, bwana. Lete nikione."

Cheche hajaribu makali kwa kidole, anayajaribu kwa jicho. Hukielekeza kisu kwenye mwanga. Penye ubutu mwanga hung'aa kama uzi mweupe. Penye makali mazuri haonekani kitu. Alikiinua karibu na jicho la kushoto, kama kawaida yake, akakitazama sana.

"Safi kabisa. Uzi uko wapi hapa?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, na uzi niliuona mnene kama gidamu ya kiatu. Muuza nyama naye aliuona. Tulitazamana. Hasira ilimtoka usoni.

"Mzee wangu," akasema polepole, "hebu fumba jicho la kulia."

Cheche akafumba. Akageuza kichwa huku na huku.

"Nani ameshusha pazia hapa?"

Hapakuwa na pazia.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka kliniki, mimi na binti. Nesi alimpima presha mkono mmoja, akapima wa pili, kisha akatoka mbio kumwita daktari. Daktari alimulika macho kwa muda mrefu. Akasema presha imepanda mno, mishipa midogo nyuma ya jicho la kushoto imevuja damu, na la kulia limeanza kuonyesha dalili. Cheche alishika ukingo wa kiti. Mnoa visu asiyeona makali atafanya nini duniani?

"Vidonge umeacha?" daktari aliuliza.

"Hata siku moja."

"Basi kuna kitu kimebadilika."

Binti akajibu kwa kujiamini, "Hakuna, daktari. Baba tumempumzisha kabisa. Zamani alikanyaga baiskeli kutwa nzima, sasa hata maji hajichotei."

Daktari akaweka kalamu chini. Alitueleza bila ukali. Mtu akitembea kwa kasi au akiendesha baiskeli mara kwa mara, pumzi ikapanda kidogo, mishipa ya damu hujifunza kulegea na kutanuka. Akikaa tu, hukakamaa, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu. Vidonge vyake na miguu yake vilikuwa vinafanya kazi pamoja, na sisi tuliondoa miguu. Mimi nimeshika ngozi maisha yangu yote, najua ngozi isiyokunjwa inavyokakamaa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya mtu kuna kitu cha namna hiyo.

Binti alijiziba uso. "Kumbe ni mimi nimempofusha baba yangu?"

"Acha hizo," Cheche akasema. "Presha nilikuwa nayo kabla yako. Na kama wewe ulileta kiti, makalio yalikuwa ya nani?"

Nesi alicheka, akajizuia.

Dawa ziliongezwa. Kwanza presha ishuke, daktari alionya, ndipo aanze kidogo kidogo: tambarare kabla ya kilima, na mwendo ambao anaweza bado kuongea. Akishindwa kuongea, apumzike.

Neno hilo la kuongea binti alilishika kama amri. Tangu Cheche aliporuhusiwa kupanda baiskeli, binti humfuata kwa miguu kabla ya kufungua duka.

"Baba, sema kitu!"

"Niseme nini?"

"Chochote!"

"Rudi dukani!"

Wiki iliyopita daktari alimulika tena. Jicho la kushoto lina ukungu, na huenda utabaki. La kulia ni safi. Cheche alijifuta macho kwa kiganja, sisi tukidhani analia.

"Basi nimebaki na moja," akasema mwishowe. "Muuza nyama aambiwe alete visu vyote."

Aliondoka kliniki akikanyaga baiskeli, na binti nyuma yake anahema kuliko yeye.

"Baba, sema kitu!"

"Sema wewe kwanza!"

Binti hakuweza kujibu. Alikuwa anatafuta pumzi.