Nyonga Mpya, Misuli Iliyokaza

Kabla ya kuumia nilikuwa mtu wa kukimbia. Nilimaliza chuo kikuu Nairobi, nikarudi nyumbani upande wa Kocholia, nikapata kazi kwa wakala wa forodha pale Malaba. Kazi yenyewe ni ya karatasi, lakini ni karatasi za kukimbizwa. Lori likifika kutoka Mombasa, nashika hati zake na kukimbia kutoka dirisha moja hadi jingine kabla afisa hajaenda kula. Madereva waliniita Digrii. "Digrii, kimbia bwana, leo nataka kulala Tororo."

Miguu ilikimbia, na kichwa pia hakikupumzika. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikiumwa na jino, nawaza taya nzima. Kwa hiyo nawaandikia hasa ninyi mnaofanana nami, mliolala kitandani na kusikiliza kila kitu kinachocheza mwilini.

Nilitumwa Busia kupeleka hati. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikapanda baiskeli moja kati ya zile zinazovusha watu mpakani, nikakaa nyuma juu ya mto wa kukalia. Lori likaanza kurudi nyuma bila kutazama. Mwenye baiskeli akakwepa, tukaingia mtaroni, mimi chini, yeye na baiskeli yake juu yangu. Yeye aliinuka akajipangusa. Mimi nilijaribu kuinuka, mguu ukabaki pale pale.

Shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika. Hospitalini waliiunga kwa vyuma, lakini haikushika vizuri. Kichwa cha mfupa kilikosa damu kikafa. Nilitembea nikiyumba, na kila hatua nilisikia kitu kikisaga ndani ya nyonga. Mwishowe nikapelekwa Nairobi, kwa daktari wa mifupa.

"Kiungo hiki huwa tunawawekea wazee," aliniambia. "Wewe ni kijana. Lakini mfupa wako umekuwa mzee."

Akanipasua, akatoa kichwa kilichokufa, akaweka cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Nilipoamka, maumivu ya kidonda yalikuwepo, lakini kule kusaga kulikuwa kumekwisha. Nililia kwa furaha hadi muuguzi akadhani nimezidiwa.

Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilipewa masharti: usikunje nyonga sana, usikae kiti cha chini, usipishanishe miguu, usichuchumae. Tembea kwa magongo, kidogo kidogo, kila siku. Hayo makatazo niliyashika yote. Hilo la kutembea ndilo lililonipita.

Niwaeleze pia kilichonisumbua roho. Nilikuwa na mchumba, Ajiambo, mwalimu, Msamia wa Namboboto. Shangazi yake, ambaye kwao huitwa senge, alikuwa ameleta ujumbe baada ya kusikia nimewekwa chuma. "Hatumkatai mtu kwa sababu ameugua. Lakini aje kwetu kwa miguu yake, tumwone akisimama. Hatutaki kuletewa mkwe kwa mkokoteni."

Basi nilikuwa nyumbani, nauhesabu mguu wangu kama mtihani, ndipo misuli ikaanza kukaza.

Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri, nilipojinyoosha. Shavu la mguu ule uliopasuliwa likajikunja likawa gumu kama jiwe. Vidole vikapinda kuelekea chini vyenyewe. Jasho likanitoka, nikauma shuka. Ilipoachia, niliachwa na maumivu ndani ya nyama kana kwamba nimepigwa teke na ng'ombe. Mchana ikarudi. Kesho yake ikapanda hadi paja, karibu na mshono, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Niliwaza hivi: misuli inavuta, chuma kinachomoka. Kikichomoka nitapasuliwa upya. Nikipasuliwa upya, hakuna Namboboto. Dawa nikaijua mwenyewe: kutosogea. Nikalala kama gogo, mito pande zote mbili. Mama akileta uji nakula nikiwa nimejilaza. Baba akiniambia tutoke nje kidogo, namweleza habari za kikombe cha plastiki hadi anachoka na kuondoka. Na kadiri nilivyotulia, ndivyo misuli ilivyozidi kukaza.

Ajiambo alikuja Jumamosi akanikuta nimeushika mguu, machozi yananitoka. Alikwenda kutafuta gari, na kabla ya saa ya chakula nilikuwa mbele ya daktari wa hospitali iliyo karibu nasi.

Daktari alilinganisha miguu yote miwili. Akabonyeza shavu la mguu, akaligusa aone kama lina moto, akauliza kama kifua kinabana. Akashika nyonga, akaizungusha polepole. Mimi nilifumba macho nikingoja isikike ikichomoka.

"Nyonga iko sawa," alisema. "Na sioni dalili ya damu kuganda. Hii ni misuli tu. Unatembea?"

"Kiasi, daktari."

"Anatembea kutoka mto huu hadi mto ule," Ajiambo alisema.

"Maji unakunywa?"

"Ndiyo."

"Hanywi," alisema Ajiambo. "Kikombe cha maji cha jana nimekikuta leo hakijaguswa. Daktari, huyu anaogopa choo."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini ilikuwa kweli. Choo chetu, kama cha kila boma pale, ni shimo lenye tundu sakafuni. Kukitumia lazima uchuchumae, nami nimekatazwa kuchuchumaa. Nikafanya hesabu yangu ya msomi: nisipokunywa, sitakwenda. Sikumwambia mtu, kwa maana mambo ya chooni utayaanzia wapi mbele ya wazazi?

Daktari hakucheka. Alisema wagonjwa wengi wa kwetu hufanya hivyo. Mwili umekauka, mguu haufanyi kazi, misuli inalalamika. Akanionyesha la kufanya ikikaza: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu vije juu, sukuma kisigino mbele, pumua, ushikilie hadi iachie. Usiinamie mguu kuushika kwa mikono, maana hapo ndipo unapokunja nyonga. Kisha kanda kwa taulo ya moto. "Na mguu ukivimba, ukiwa na moto, au pumzi ikikata, usingoje kesho. Njoo."

Tulipofika nyumbani, Ajiambo alimweleza mama, mama akamweleza baba. Baba akaenda sebuleni, akachukua kiti chake cha mikono, kile anachokalia wageni wakija, akakitoboa katikati kwa msumeno. Akakibeba mwenyewe hadi chooni, akakipanga juu ya tundu.

"Papa, na wewe utakalia nini?" niliuliza.

"Mimi nyonga yangu ni ya Mungu. Nitakaa popote."

Mama naye alileta mrija mrefu, ule ambao sisi Wateso tunanywea pombe kutoka kwenye chungu. Akaweka mtungi wa maji sakafuni na mrija ukanifikia kitandani bila mimi kuinama. Kesho yake jirani alichungulia dirishani, akaona mrija. "Heh, Digrii, umeanza asubuhi yote hii? Si ungetuita?"

Nilikunywa, jamani. Nilikwenda chooni kama mfalme. Nikashika magongo, nikazunguka uwanja tunaoanikia karanga, mama akifukuza kuku mbele yangu wasinikwaze. Misuli haikuacha siku ile. Ilirudi, lakini sasa nilijua la kuifanya. Nasukuma kisigino, nahesabu pumzi, inaachia. Ikawa inakuja siku moja na kuruka mbili, kisha ikawa inasahau njia. Siku niliyotambua kwamba wiki nzima imepita bila kuuma shuka, niliwaita wote waje kunitazama nimelala tu.

Baada ya daktari wa Nairobi kunikagua na kuniruhusu, tulikwenda Namboboto. Gari lilituacha barabarani, nikaingia bomani kwa miguu yangu, fimbo moja mkononi. Senge alikuwa mlangoni. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akanionyesha mahali pangu: kigoda kifupi kabisa, kama inavyofaa mkwe mbele ya wakubwa.

Kiti cha chini. Nikikaa, naiweka nyonga hatarini. Nikiomba kiti kirefu, nimejiinua juu ya wakwe.

"Naomba nisimame, mama," nilisema.

Nikasimama. Wazee wakajadiliana, chakula kikaliwa, sahani yangu nikiwa nimeishika mkononi. Mguu haukukaza hata mara moja. Mwishowe senge akawageukia wenzake. "Nilisema tumwone akisimama. Sasa nani atamkalisha?" Boma zima likacheka, na neno la mkokoteni halikutajwa tena.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari wote wawili, na wazazi wangu. Wewe ambaye misuli inakukaza na unajificha, usijitibu kwa mawazo. Nenda ukaangaliwe kwanza. Mguu uliopasuliwa unataka maji, unataka mwendo, na unataka mtu wa kukusemea ukweli mbele ya daktari. Huyo wa tatu mimi nilimwoa.