Klauni Aliyebisha Hodi

Nimewahi kuandika makala ndefu kuhusu kicheko, yenye tanbihi nyingi na isiyomchekesha mtu. Kwa hiyo klauni alipoingia wodi ya watoto pale Msambweni, nilijiona mtaalamu.

Nilikuwa nimekaa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye bado hajaanza kung'oka meno ya utoto. Alianguka kutoka kwenye mti wa mkanju akavunjika paja, na mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito. Tangu aletwe hakuwa ametamka neno. Daktari alisema ulimi hauna kasoro. Dada yangu alimsemesha mpaka sauti ikamkauka, akaanza kuogopa kwamba mtoto hatasema tena.

Kila mtu alimjia bila kuuliza: kumpima, kumchoma sindano, kumgeuza, kumwombea. Mimi pia, na ndizi zangu.

Klauni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kijiji cha Bongwe, mwenye pua nyekundu ya sponji na viatu vya kutosha watu wawili. Nilingoja mbwembwe. Alisimama mbali kidogo na kitanda, akagonga hewani kana kwamba pana mlango.

"Hodi."

Akajipangusa vumbi, akarekebisha pua, akarudia kwa adabu zaidi. "Hodi wenyewe."

Sisi watu wa pwani hatuwezi kuiacha hodi bila jibu. Ilinikereketa kooni mpaka nikaropoka, "Karibu."

Klauni hakusogea. Alinitazama kama mtu aliyejibiwa na mbuzi wa jirani. "Ahsante, mjomba," akasema, "lakini mwenye nyumba hajajibu."

Akabisha hodi ya tatu, ambayo kwa desturi yetu ndiyo ya mwisho. Hakujibiwa. Basi akaondoka, akaondoka kweli, viatu vikigombana njiani. Dada yangu aliguna kwamba kama kuchekesha ndiko huko, hata mimi ningeweza.

Siku iliyofuata akaja tena. Hodi ya kwanza, kimya, nikajiuma midomo. Ya pili, kimya. Lakini mpwa wangu alikuwa amegeuza kichwa juu ya mto, akiutazama ule mlango usiokuwepo. Ya tatu.

"Hakuna watu," akasema mtoto.

Sauti ilikwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta. Dada yangu akajifunika uso kwa leso.

Klauni hakushangilia. Alifikiri kidogo. "Ala. Basi wakirudi, waambie nilipita."

"Nitawaambia."

Akarudi kinyumenyume, akajigonga bega kwenye mlango wake wa hewa, akauomba radhi, akaenda zake. Mpwa wangu alimsindikiza kwa macho, ametulia kama mtu aliyetia komeo kwa mkono wake mwenyewe. Sijapata kumwona mtu akitoa zawadi kubwa namna ile kwa kukubali kufukuzwa.

Kesho yake nilifika na ndizi zangu, nikasimama palepale, nikabisha hodi.

Mpwa wangu alinitazama, akatazama ndizi, akaniacha nisimame.